Kukagua ubora wa picha za eksirei za ventrikali ya kushoto

Filamu ya ventrikali ya kushoto (chemba ya moyo inayosukuma damu mwilini) inaweza kung'aa vizuri na bado isifae kupimia chochote. Kwa hiyo sianzi na mwangaza, naanza na mapigo ya moyo.

Hatua ya 1: Mapigo. Cheza filamu yote huku ukifuatilia ECG (mchoro wa umeme wa moyo). Katheta (mrija mwembamba ulioingizwa moyoni) ikigusa ukuta, au dawa inayofanya chemba ionekane kwenye eksirei ikisukumwa kwa nguvu, moyo hupiga mapigo ya mapema. Pigo hilo liache, na linalolifuata pia liache. Ventrikali imepata muda mrefu zaidi wa kujaa na msuli umebana kuliko kawaida, hivyo asilimia ya damu inayosukumwa nje itaonekana nzuri kuliko ilivyo. Tafuta pigo la kawaida lililotanguliwa na la kawaida, dawa ikiwa imeshajaa. Usipolipata, andika kwenye ripoti kwamba vipimo havikuchukuliwa. Ni heri hivyo kuliko kumpa daktari namba ya uongo.

Hatua ya 2: Dawa. Kwa mtu mzima mara nyingi huingizwa mililita 30 hadi 45, kwa kasi ya mililita 10 hadi 15 kwa sekunde. Ventrikali iliyopanuka huizimua, na ncha ya moyo hubaki na pengo linalofanana na donge la damu. Sogeza fremu chache mbele: pengo likitoweka, dawa ilikuwa haijachanganyika tu.

Hatua ya 3: Eneo. Katika pembe ya mbele kulia, nyuzi 30, tunataka kuona kuanzia vali ya aota (mlango wa damu kutoka ventrikali) hadi ncha ya moyo kwa mzunguko wote, pamoja na atiria ya kushoto (chemba ya juu yake) kama vali ya mitrali iliyo kati yao inashukiwa kuvuja. Hakikisha kiwambo kinachopunguza eneo la mionzi hakijafunika ukuta wa chini. Mgonjwa avute pumzi na kuizuia. Kumbuka pia kwamba katheta iliyonasa kwenye nyuzi zinazoshikilia vali ya mitrali inaweza yenyewe kusababisha uvujaji.

Hatua ya 4: Kingo. Hapa usiwe na haraka. Simamisha picha mwisho wa diastoli (ventrikali ikiwa imejaa), kisha mwisho wa sistoli (ikiwa imebana), uchore mpaka wa chemba. Mwombe mwenzako achore bila kuona wako. Mistari inapoachana, hapo ndipo picha ni dhaifu, na sasa tafuta sababu. Ukingo unaopotea fremu ikisimama lakini unaonekana filamu ikicheza umezidiwa na chengachenga (vidoadoa vya picha): mionzi ilikuwa kidogo. Ukingo mkali mwisho wa diastoli lakini wenye ukungu ukuta unapokimbia unaonyesha kwamba kila mpigo wa eksirei ulidumu mno.

Hatua ya 5: Vipimo vya ukubwa. Angalia kama kuna picha ya kifaa chenye ukubwa unaojulikana, iliyopigwa kwa umbali uleule. Kosa la asilimia 5 kwenye urefu huwa takribani asilimia 16 kwenye ujazo. Asilimia ya damu inayosukumwa haiathiriki, kwani kosa hujifuta pande zote mbili. Kwa hiyo filamu isiyo na kipimo bado unaweza kuitumia kwa hilo, ila ujazo kwa mililita usiuandike.