Mkupuo wa kwanza wa uboho ni wa nani?

Asubuhi natibu wodini, jioni niko maabara nikizichambua seli za plazima za wagonjwa walewale. Kama nawe ni daktari kijana unayeanza kutafiti mailoma, yaani saratani ya seli hizo za plazima ndani ya uboho, jifunze kwanza kugawa uboho kati ya matibabu na utafiti. Mimi nilijifunza kwa aibu.

Ukivuta uboho mfupani kwa sindano, mililita ya kwanza, yaani mkupuo wa kwanza, ndiyo yenye uboho hasa. Ukiendelea, damu ya kawaida inaingia na kuuzimua. Siku moja nilijaza chupa ya utafiti kwanza, mililita tano nzima, slaidi, vile vioo vya kupimia ugonjwa kwa hadubini, zikaambulia masalia. Jibu likasema seli za plazima ni asilimia 4. Kwa kawaida mailoma huanzia asilimia 10, na mzee yule alikuwa na hemoglobini ya 7, damu pungufu mno, na mifupa iliyotobokatoboka kwenye eksirei! Ikabidi nimwombe alale tena nimtoboe upya. Safari hii zikawa 40. Hakunilaumu, aliuliza tu: "Daktari, ile ya kwanza ulikuwa unajifunza?"

Kwa hiyo sasa nafanya hivi. Ridhaa naisoma na mgonjwa siku moja kabla, si akiwa ameshavua shati. Ya matibabu mbali, ya utafiti mbali. Akiikataa ya pili, simuulizi sababu.

Lidokeini, dawa ya ganzi, ianzie kwenye ngozi ya nyonga kwa nyuma, kisha ishuke hadi kwenye utando wa mfupa. Subiri dakika kadhaa. Ganzi haifiki ndani ya mfupa, basi usimdanganye mtu. Mimi husema, "Baba, nikivuta utaumia ghafla, hesabu nami hadi tano."

Mkupuo wa kwanza ni wa slaidi, nazo zipakwe palepale kabla uboho haujaganda. Kwa utafiti, rudisha sindano nyuma, pitia tundu lilelile la ngozi lakini uingie mfupani pembeni kidogo. Hapo unapata mkupuo wa kwanza mwingine. Uchungu huo wa ziada uwe umetajwa kwenye ridhaa.

Tia kwenye chupa ya EDTA, dawa ya kuzuia kuganda, ile ya kifuniko cha zambarau, uigeuzegeuze taratibu mara nane hadi kumi bila kuitikisa. Kisha kimbia. Seli za plazima hazivumilii kukaa nje ya mwili, na zikianza kufa hupoteza CD138, alama ambayo vishanga vya sumaku huishika ili kuzitenga na nyingine. Sampuli za Ijumaa jioni zimenifia mara mbili, sasa Ijumaa sichukui kabisa.

Kabla ya sumaku, changanya tone moja na rangi ya tripani bluu uangalie kwa hadubini: zilizokufa hunywa rangi, zilizo hai hubaki nyeupe. Buluu zikizidi, acha. Vishanga ni ghali, bosi wako atakuuliza.

Chupa iandikwe namba ya utafiti na saa ya kuvuta, jina hapana. Halafu, kabla hujajifungia maabara, pita wodini uangalie kama bandeji imelowa.