Sugua mtungi, usimwage maji tu

Ndugu zangu wa Newala, Tandahimba na Masasi, mvua zimeanza na kila nyumba inakinga maji. Kwetu maji ni shida, siwezi kumwambia mtu asijaze pipa. Ila naomba mfanye hivi: mara moja kwa wiki, chombo kikiisha maji, kisugueni kuta za ndani kwa brashi au dodoki, hasa pale juu maji yalipoishia. Mbu aina ya Aedes, anayeleta homa ya dengi na chikungunya, hutaga hapo, na mayai yake yanabaki hai miezi kadhaa hata pakikauka. Ukimwaga bila kusugua, ukijaza tena wanaanguliwa. Kisha funika kwa kitambaa kilichokazwa kwa kamba. Vifuu vya nazi vilivyozagaa uani, vifunike chini juu.

Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo mtoto anayelala saa nane naye awekewe chandarua.

Jina chikungunya limetoka kwa Wamakonde, maana yake kujikunja kwa maumivu ya viungo, baada ya mlipuko wa mwaka 1952 huku huku kwetu.

Ukipata homa, kapime malaria kwanza. Kama hakuna, usikimbilie diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini, kwa sababu kama ni dengi zinaongeza hatari ya kutoka damu. Meza parasetamoli kwa kipimo, kunywa maji mengi. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo au fizi zikitoa damu, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama homa imeshuka.