Kozi ndefu na SCORM 1.2: angalia nafasi ya kumbukumbu
Ukichapisha kozi ndefu ya mtandaoni kwa SCORM 1.2 (kiwango cha kufungasha kozi ili ifanye kazi kwenye mfumo wa mafunzo), jua kwamba sehemu inayotunza mahali mwanafunzi alipoishia, yaani suspend_data, inabeba herufi 4,096 tu. Ikijaa, mtu aliyefika slaidi ya 60 anaweza kurudi kesho akajikuta mwanzo kabisa. Inauma, hasa kwa anayesoma usiku baada ya kazi. Mfumo wenu ukiikubali, chagua SCORM 2004 toleo la 4: nafasi ni herufi 64,000, na kumaliza kunarekodiwa mbali na kufaulu. Kisha jaribu mwenyewe kwa simu: jibu maswali hadi karibu na mwisho, funga, ingia tena. Na imsmanifest.xml, faili inayoueleza mfumo yaliyomo kwenye kozi, ikae juu kabisa ndani ya faili ya zip ya kozi, isifichwe kwenye folda nyingine.