Ukiona gome la mti linaruka, huyo ni nondo

Wale mnaopita msitu wa Mabira, Uganda, kwa mguu, jamani msiwe mnapita mbio, kuna nondo pale (wa usiku, sio vile vyuma vya ujenzi) mkubwa anaitwa Cyligramma latona na wengi wanampita bila kujua. Mchana anajificha kwenye majani makavu chini au sehemu yenye giza, rangi yake kahawia iliyoiva kabisa, ukimsogelea anaruka ghafla hatua chache kisha anatua na kupotea tena.

Sasa kumtambua: usiangalie rangi, rangi inadanganya. Tafuta mstari mweupe wa maziwa unaoanzia bawa la mbele mpaka la nyuma kama umechorwa kwa rula moja, alafu kwenye kila bawa la mbele kuna doa la duara kama jicho. Ukiviona vyote viwili ni yeye. Kama unamchanganya na kipepeo cheki vipapasio, vya kipepeo vina kifundo kwenye ncha, vyake ni nyuzi tu.

Piga picha kwanza kabla hujasogea, kivuli chako kikimfikia ameshaondoka. Na usimshike kabisa, ule unga unaobaki kwenye vidole ni magamba ya mbawa na hayaoti tena.

Mimi nikitaka kuwaona kwa karibu naponda ndizi zilizoiva sana na tonto (pombe ya ndizi) kidogo, napaka kwenye shina jioni, nikirudi na tochi giza likiingia nondo wa aina nyingi wanakuwa wanafyonza hapo wametulia.