Kompyuta Moja, Projekta Moja, Wanafunzi 80

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa sekondari mwenye darasa la wanafunzi 80, kipindi cha dakika 40, projekta moja ya shule, kompyuta mpakato moja na simu yake ya mkononi. Maabara ya kompyuta haipo, na bando analinunua kwa pesa yake. Iwe shule iko Mbagala, Gongo la Mboto au Tegeta, vifaa hivyo vinatosha kufundisha vizuri, ilimradi kazi nzito ifanyike kabla ya kengele kulia.

Anza na andalio la somo, kifaa kifuate. Chukua mada ya wiki kwenye azimio la kazi, kisha tafuta kitu kimoja ambacho chaki haiwezi kukionyesha: valvu za moyo zikifunguka na kufunga, chembe za maji zikienda mbio kadiri joto linavyopanda, mkondo wa umeme ukigawanyika kwenye sakiti. Kitu hicho kipe dakika 10 hadi 15, na muda uliobaki uwe wa maswali, daftari na ubao. Usipokipata, fundisha kwa ubao bila wasiwasi wowote. Kuandika notisi kwenye slaidi ili wanafunzi wanakili ni kuwaonea. Kunakili ni kulekule, tofauti ni kwamba wa nyuma sasa wanakodoa macho kusoma maandishi yaliyofifia.

Chumba na umeme

Adui wa kwanza wa projekta Dar es Salaam ni mwanga. Madarasa yetu yana madirisha mapana kwa sababu ya joto, na saa nne asubuhi picha ya projekta ya lumeni 2,000 (lumeni ni kipimo cha mwanga) inakuwa kivuli tu. Tafuta ya lumeni 3,000 au zaidi. Ukinunua Kariakoo, omba iwashwe mlangoni penye mwanga, maana kwenye kona yenye giza kila projekta inapendeza. Usizibe madirisha yote: wanafunzi 80 bila hewa hawasikii kitu. Ziba mawili yaliyo karibu na ukuta wa picha kwa kitambaa kizito cheusi, mengine yaache wazi.

Ukuta uwe mweupe wa rangi isiyong'aa. Rangi ya mafuta inarudisha mwanga na kuacha doa jeupe katikati ya picha, na anayekaa upande mmoja hasomi kitu. Shuka jeupe lililopigwa pasi na kuvutwa vizuri kwa misumari minne linafaa pia. Projekta nyingi za kawaida huhitaji umbali wa mara 1.5 hadi 2 ya upana wa picha, kwa hiyo picha ya mita 2 inataka projekta ikae mita 3 hadi 4 kutoka ukutani, yaani katikati ya madawati ya mbele. Wahamishe wanafunzi wa dawati hilo mapema, na nyaya zibandikwe sakafuni kwa selotepu pana. Waya ulioning'inia kati ya madawati lazima utamkwaza mtu, na kinachoanguka kwanza ni kompyuta.

Umeme ukikatika ghafla, taa ya projekta inabaki na moto mkali huku feni imesimama. Hapo ndipo taa nyingi zinapoharibika, na taa mpya ni ghali. UPS ndogo ya VA 650, yaani kifaa chenye betri ya akiba, haitaendesha kipindi kizima, lakini inakupa dakika chache za kuzima projekta kwa utaratibu na kuiacha feni imalize kupoza. Chomeka projekta peke yake kwenye UPS. Kompyuta ina betri yake. Usiunganishe humo pasi, birika wala mashine ya kutoa kopi.

Kabla ya kipindi, nenda ukakae dawati la mwisho kabisa ukiwa umewasha slaidi yako. Usiposoma neno bila kukaza macho, ongeza ukubwa. Herufi za ukubwa wa 32 na mistari isiyozidi 6 ndiyo kipimo cha kuanzia.

Kupakua kila kitu mapema

Mtandao wa simu unaopanda na kushuka hauendani na kipindi cha dakika 40. Pakua nyumbani au mahali penye Wi-Fi, kisha zima data ya kompyuta na ujaribu kufungua kila faili. Kikifunguka bila intaneti, kiko tayari.

Vitabu vya kiada vinapatikana kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na mitihani iliyopita iko kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani. Video ipakue kwa ubora wa 480p; mwanafunzi aliye mita 8 kutoka ukutani haoni tofauti kubwa na 720p, na bando linabaki. Icheze kwa programu ya VLC, ambayo haichagui aina ya faili. Video isizidi dakika 5, na isimamishe angalau mara mbili kuuliza: "Nini kitafuata?" Video ndefu inayocheza bila kusimama ni mapumziko kwa mwalimu na usingizi kwa darasa.

Kwa sayansi na hisabati, hazina kubwa ni PhET, majaribio yanayoendeshwa kwenye skrini, yaliyoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani, na Carl Wieman, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2001. Ni ya bure, na majaribio yake ya HTML5 yanapakuliwa kila moja kama faili moja linalofunguka kwenye Chrome au Firefox bila intaneti. Mengi yana tafsiri ya Kiswahili, yanayofaa shule za msingi. Kwa sekondari tumia ya Kiingereza, kwa kuwa mtihani utakuja kwa maneno hayohayo, ila mjadala wa kwanza waache waufanye kwa Kiswahili. Mwanafunzi anayetafuta neno la Kiingereza hawezi wakati huohuo kutafuta sababu ya balbu kufifia.

Kipindi kimoja kwa karibu: sakiti

Pakua jaribio la PhET liitwalo Circuit Construction Kit: DC. Unganisha betri ya volti 9, balbu ya ohmu 10 na ammita, yaani kipima mkondo. Ammita inasoma ampia 0.90. Iache hapo, na usiguse kitu.

Sasa ziba picha kwa kubonyeza kitufe cha kuficha kwenye rimoti ya projekta, au kwa karatasi ngumu mbele ya lenzi kwa sekunde chache tu. Uliza: nikiongeza balbu ya pili kama hii kwa mfuatano, ammita itasoma ngapi, na mwanga wa balbu ya kwanza utakuwaje? Kila mwanafunzi aandike jibu kwenye daftari kwa peni, bila kufuta. Wape dakika mbili kamili. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ikirukwa, jaribio zima linakuwa sinema. Mwanafunzi ambaye hajaweka jibu lake hadharani hashangai anapoona jibu sahihi, na kitu kisichomshangaza anakisahau.

Fungua picha, ongeza balbu. Ammita inashuka hadi 0.45. Tengua, panga balbu hizo mbili kwa sambamba, uliza tena, wasubiri tena. Ammita iliyo kando ya betri inapanda hadi 1.80, na balbu zote mbili zinawaka kama ile ya mwanzo. Darasa litapiga kelele, na iachwe ipige, maana wengi wamebeba fikra kwamba betri hutoa mkondo uleule siku zote na balbu zinagawana. Dakika tano zinazofuata ni za chaki: andika ukinzani wa jumla wa kila mpangilio na upige hesabu pamoja nao mpaka 0.45 na 1.80 zitokee ubaoni.

Pitisha madawatini tochi iliyofunguliwa, betri zake, balbu yake na waya mbili. Waambie wazi kwamba balbu halisi ya waya hubadilisha ukinzani wake kadiri inavyopata moto, kwa hiyo namba hazitakuwa nusu kamili kama za kwenye skrini. Mwanafunzi asiyeambiwa hivyo akifika maabara ataona kipimo chake hakilingani, na ataamini kwamba amekosea yeye.

Kujua nani ameelewa

Kuuliza "mmeelewa?" na kujibiwa "ndiyo mwalimu" kwa sauti moja hakukupi taarifa yoyote. Plickers inasaidia sana hapa. Ni programu ya simu inayotumia kadi za karatasi zenye umbo jeusi la miraba. Kila upande una herufi ndogo A, B, C au D. Mwanafunzi anageuza kadi ili jibu lake liwe juu, wewe unapitisha kamera ya simu, na simu inasoma jibu la kila kadi. Kila kadi ina umbo lake, kwa hiyo kuchungulia kwa jirani hakusaidii.

1. Chapisha seti ya kadi 40 kwenye karatasi nene. Kwa darasa la 80, wawili wa dawati moja watumie kadi moja. Wape sekunde 60 za kubishana kabla ya kuinua. Ubishi huo una faida kuliko kura yenyewe.
2. Usizitie plastiki inayong'aa. Mwanga wa dirishani utapiga kwenye plastiki na kamera haitasoma. Plastiki isiyong'aa haina shida.
3. Andika maswali 3 tu, na majibu potofu yatokane na makosa yao ya kweli. Kwa sakiti ile ya sambamba: A 0.45, B 0.90, C 1.80, D 18. Aliyechagua A anachanganya na mfuatano, B anaamini mkondo wa betri haubadiliki, D amezidisha 9 kwa 2 na kusahau ukinzani.
4. Simama mbele, upitishe simu polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kisha sogea hadi katikati kwa ajili ya madawati ya nyuma. Kadi isiyosomeka kwa kawaida imefunikwa na kidole.

Plickers inahitaji intaneti kidogo, na hapa tu ndipo tunapokubali data iwashwe darasani, kwa kuwa maandishi hayali bando kama video. Mtandao ukigoma, usipoteze hata dakika moja: vidole kifuani, kimoja kwa A, viwili kwa B, na kuendelea. Hutapata kumbukumbu, ila utaona darasa limesimama wapi.

Ikiwa zaidi ya theluthi wamekosa, rudi kwenye sakiti. Mada inayofuata isubiri.

Daftari la mwanafunzi ukutani

Kwa hisabati, matumizi bora ya simu ni kuonyesha kazi ya mwanafunzi mwenyewe. Kwenye simu ya Android fungua mipangilio, nenda "Kuhusu simu", bonyeza namba ya toleo la mfumo (Build number) mara 7 ili sehemu ya wasanidi (Developer options) ifunguke, kisha ruhusu USB debugging. Kwenye kompyuta weka scrcpy, programu ya bure. Chomeka simu kwa waya, fungua scrcpy, na skrini ya simu inatokea kwenye kompyuta na ukutani. Washa kamera, simu iegemee juu ya vitabu, daftari chini yake. Funika jina. Chagua kazi yenye kosa linalofundisha, muulize mwenye daftari kwanza, kisha darasa litafute mstari ambapo njia imepotea. Zima arifa za simu kabla. Ujumbe wa familia hauna kazi ukutani.

Picha za wanafunzi wenyewe zisiende kwenye kundi la WhatsApp la wazazi bila ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu watoto pia.

Yanayoharibika mara kwa mara

Picha iko kwenye kompyuta lakini ukuta mtupu: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua kurudufu skrini. Sauti imepotea: kebo ya HDMI imeipeleka kwenye spika ndogo ya projekta, bonyeza alama ya spika chini kulia na urudishe sauti kwenye kompyuta, kisha chomeka spika ya nje. Kompyuta inajisasisha katikati ya kipindi: sitisha masasisho tangu jana yake.

Flashi nayo ina hadithi yake. Ukiipeleka stationery kuchapisha mtihani, inarudi na kirusi kinachogeuza mafolda kuwa njia za mkato (shortcut) zisizofunguka. Tenga flashi ya kuchapishia, iwe na PDF moja tu, na masomo yako yasikae humo kamwe.

Kila baada ya wiki mbili, toa kichujio cha hewa cha projekta na ukipanguse vumbi kwa brashi laini nje ya ofisi. Kwenye barabara za vumbi za pembezoni mwa jiji, fanya kila wiki. Projekta inayojizima yenyewe baada ya dakika 20 kwa kawaida imezibwa kichujio hicho, na mara nyingi haina ugonjwa mwingine.