Picha ya vifuniko vya chupa kwenye korido ya hospitali: hatua kwa hatua

Kabla ya kuokota hata kifuniko kimoja, onana na muuguzi anayesimamia kuzuia maambukizi, iwe ni hospitali ya Amana, Temeke au Mwananyamala hapa Dar es Salaam. Yeye ndiye anayejua ukuta upi unafaa na unafutwa kwa dawa gani. Vilivyotoka wodini, kama vichupa vya dawa na mabomba ya sindano, usiviguse hata kama vimeoshwa.

1. Vifuniko

Picha ya sentimita 60 kwa 90 inakula vifuniko 459. Kusanya 550, vingine vitapasuka. Nunua kwa waokota chupa. Vya Coco Beach vina rangi nzuri ya kupauka lakini jua limeshavila; kibonyeze kwa kidole gumba, kikilia tupa. Vya Mto Msimbazi viache kabisa.

Loweka usiku kucha kwenye maji ya sabuni, sugua, suuza. Kisha dakika 10 kwenye klorini ya asilimia 0.5, yaani kipimo 1 cha jiki ya asilimia 3.5 kwa vipimo 6 vya maji. Usichanganye na siki wala dawa ya choo, hutoa gesi ya sumu. Suuza tena, anika midomo ikitazama chini.

2. Ubao

Plaiwudi ya milimita 12, fremu ya mbao ya inchi 1 kwa 1 juu yake. Piga vanishi mara mbili, kingo hasa, maana unyevu wa Dar huanzia hapo kuivimbisha. Ndani ya fremu chora miraba ya milimita 31, mistari 27 ya miraba 17. Vifuniko vina upana wa karibu milimita 30, ila havilingani. Bila nafasi hiyo ndogo ya ziada, vilivyo vipana havitaingia.

Kwa nukta 459 sura ya mtu haitoki. Ngalawa, samaki au embe vinasomeka vizuri kutoka mita nne.

3. Kufunga

Gundi isikudanganye. Vifuniko hivi ni vya plastiki aina ya polipropilini au polithini, na gundi za kawaida hazivishiki. Joto likipanda vinaanza kudondoka kimoja kimoja. Toboa kifuniko katikati kwa drili ya milimita 3.5, kiweke mdomo ukilalia ubao, funga kwa skrubu isiyoshika kutu. Kifuniko kirefu cha soda kinataka skrubu ya milimita 30, kifupi cha maji milimita 20. Ukikosea ukatumia ya 30 kwenye kifupi, ncha inatokea nyuma ya ubao. Kaza kwa mkono, mashine hubonyeza kifuniko katikati.

4. Kufunika

Vifuniko vitupu ni mtego wa vumbi, hakuna hospitali itakayokubali. Funika kwa perspeksi (plastiki angavu kama kioo) ya milimita 3, uifunge kwenye fremu. Waambie wafagizi waifute kwa maji ya sabuni, si spiriti: spiriti huitia nyufa ndogondogo zisizotoka.

5. Kutundika

Unene sasa ni milimita 40, uzito unakaribia kilo 8. Toboa pembe nne za fremu, tumia fisha (plagi za plastiki za ukutani) za milimita 8 na skrubu za milimita 100. Ya 60 itaishia kwenye plasta bila kugusa tofali, na picha itang'oka na plasta yake. Ukingo wa chini uwe sentimita 120 kutoka sakafuni ili machela isiugonge. Mwisho, ziba mzunguko wote kwa silikoni. Nafasi kati ya picha na ukuta mende wanaipenda kuliko jiko.