Somo: Nani huziamsha seli za kinga, na nani huzituliza

Habari za jioni, ndugu zangu. Wiki mbili zilizopita nilikuwa shambani Pongwe, ncha ya jani la mkonge ikanidunga kidole cha shahada na kukatikia ndani. Magharibi ilipoingia kidole kilikuwa chekundu, cha moto, kinapwita sawasawa na moyo. Siku ya tatu kikatunga usaha. Ya saba kikanywea, ngozi ikabambuka, basi. Wengi huuliza nini kilikiwasha. Mimi hushangaa zaidi nini kilikizima, maana seli zile zingeendelea kwa kasi ya siku ya kwanza, zingekila kidole chenyewe.

Chukueni daftari, tuchore.

Hatua ya 1. Chora duara kubwa, ndani yake duara dogo. Kubwa ni makrofaji, seli mlaji inayokaa chini ya ngozi ikipapasa kila kipitacho. Dogo ni kiini, zilimo jeni. Mwaka 1882, huko Messina, Italia, Ilya Metchnikoff aliwachoma kwa mwiba wa waridi watoto wa kiti cha pweza, ambao mwili wao unaonekana hadi ndani. Asubuhi yake akakuta seli zimeuzingira mwiba. Mwaka 1908 alishiriki Tuzo ya Nobel kwa kazi iliyoanzia hapo. Nikiwakuta viti vya pweza Raskazone maji yakipwa, humkumbuka kila mara.

Hatua ya 2. Juu ya duara kubwa chomeka vijiti. Hivi ni vipokezi. Kila kimoja hutafuta kitu ambacho kijidudu hakiwezi kukiacha nyumbani. Kile kiitwacho TLR4 hushika mafuta yenye sukari yaliyo kwenye ganda la baadhi ya bakteria. TLR5 hushika protini ya mkia wanaoogelea nao. Makrofaji haihitaji kuwa imewahi kukutana na bakteria huyo. Vipokezi hivi tunazaliwa navyo. Familia hii ilianza kueleweka kwa nzi wa matunda kupitia maabara ya Jules Hoffmann mwaka 1996, kisha Bruce Beutler akaionyesha kwa panya mwaka 1998. Wote wawili walikuwa miongoni mwa washindi wa Nobel ya mwaka 2011.

Hatua ya 3. Hapa msiharakishe. Kati ya utando wa seli na kiini, chora mtu amefungwa kamba. Mtu ni protini NF-κB, kamba ni protini IκB. Mtu huyo anazo amri zote za kupiga ukunga, yaani kelele za hatari, lakini kamba inamzuia asiingie kwenye kiini. Kipokezi kikishika kitu, ishara hupita hadi kwenye kimeng'enya kinachoitia IκB alama ya fosfeti. Kamba iliyotiwa alama husagwa kwa dakika chache. NF-κB huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za TNF, intalukini-6 na nyinginezo, protini zinazopeleka ujumbe kwa seli nyingine. Mishipa midogo hutanuka, ndiyo wekundu na joto. Maji huvuja, ndiyo uvimbe. Nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, hutoka kwenye damu na kuja mbio, na mizoga yao ndiyo sehemu kubwa ya usaha.

Sasa wekeni nyota pembeni: miongoni mwa jeni za kwanza anazowasha NF-κB imo jeni ya IκB. Yaani akiwa huru tu, anaanza kusokota kamba mpya ya kujifungia. Huwasha pia A20, protini inayokata ishara njiani. Ndani ya saa moja hivi kamba mpya iko tayari. Kama vipokezi havishiki tena kitu, kelele hufa. Nimelifundisha hili miaka mingi na bado linanisisimua.

Hatua ya 4. Chora mlango wenye kufuli mbili. Intalukini-1 beta, ambayo huleta homa, hutengenezwa kwanza ikiwa butu, kwa ishara ile ya Hatua ya 3. Ishara ya pili, kwa mfano potasiamu kuvuja kutoka kwenye seli iliyojeruhiwa, hukusanya mtambo uitwao inflamasomu, nao huamsha kimeng'enya kaspesi-1 kinachoikata hadi ifanye kazi. Ishara moja pekee kwa kawaida haitoshi.

Hatua ya 5. Nje ya duara andika: intalukini-10, na kotisoli, homoni ya mwili. Zote hutuliza. Kisha chora makrofaji ikimeza mzoga wa nyutrofili. Tendo hilo la kuzika huigeuza tabia, ikaacha kuita wengine na kuanza kutoa vitulizo na vichocheo vya kuponya kidonda.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi, Muheza: Shikamoo mwalimu. Virusi vikijificha ndani ya seli yetu wenyewe, vinajulikanaje?

Marahaba, mwanangu. Kuna seli-uaji za asili. Hizi breki yake ni kitambulisho: karibu kila seli ya mwili yenye kiini huonyesha nje protini za MHC daraja la kwanza. Seli-uaji ikiziona, hutulia. Virusi vingi huzificha protini hizo ili vikwepe kinga nyingine. Hapo breki hulegea. Zikiongezeka na dalili za seli kutaabika, seli hiyo huuawa.

Mama, Ngamiani: Mwalimu, mtoto alipata homa usiku baada ya chanjo. Ina maana chanjo ni mbaya?

Hapana, dada yangu. Chanjo nyingi zinahitaji ukunga kidogo ili mwili ukumbuke. Ile ya malaria, RTS,S, iliyojaribiwa Korogwe na Bagamoyo, imechanganywa na kiamshi chenye kitu kinachoshika TLR4, pamoja na dondoo la gome la mti wa Chile. Homa nyingi za chanjo huisha kwa siku moja au mbili. Ikizidi hapo, au mtoto akikataa kunyonya, akilegea au akipata degedege, mpeleke kituoni bila kungoja.

Kaka, Pangani: Stendi wanauza dawa ya kuongeza kinga. Ninunue?

Kaka yangu, muulize muuzaji anaongeza ipi: ukunga au kamba? Wagonjwa wengi mahututi wa UVIKO-19 waliumizwa na ukunga usiokoma. Mwaka 2020 jaribio la Uingereza lilionyesha deksamethasoni, ndugu ya kotisoli, ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia. Dawa hiyo inapunguza kinga. Fedha yako nunua samaki na mchicha.

Mwanachama, Mabanda ya Papa: Pole mwalimu. Na kile kipande cha mkonge?

Nimeshapoa. Kilitolewa zahanati siku ya tatu, kirefu kama punje ya mchele. Makrofaji haiwezi kumeza kitu kikubwa hivyo. Kingebaki, zingeungana kukizungushia ukuta na kidole kingebaki na kinundu kigumu. Nilichomwa na sindano ya pepopunda, maana ya mwisho sikuikumbuka mwaka.